Gesi ya ng'ombe: fedha inayovuja Bukoba na Muleba

Muuza pumba wa Bukoba anapompimia mteja wake gunia, kuna sehemu ya gunia hilo ambayo haitakuwa maziwa, wala nyama, wala samadi ya kutia kwenye migomba. Itatoka mdomoni mwa ng'ombe ikiwa gesi na kupotea hewani. Gesi hiyo inaitwa methani. Wataalamu wa lishe ya mifugo wanakadiria kwamba kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo katika chakula cha ng'ombe hupotea kwa njia hiyo. Wanaopoteza nyingi zaidi ni ng'ombe wanaokula majani makavu, magumu na yenye protini kidogo.

Kwa lugha ya biashara, ni sawa na mwenye lori anayepakia magunia 100 na kujua kwamba kati ya magunia 2 na 12 yatavuja njiani kila safari. Hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali hasara hiyo bila kuuliza tundu liko wapi.

Kwa muda mrefu suala hili lilikuwa la maabara tu. Hali ilianza kubadilika baada ya mkutano wa hali ya hewa wa Glasgow mwaka 2021, ambapo zaidi ya nchi 100 ziliahidi kupunguza methani duniani kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030, kulinganisha na kiwango cha mwaka 2020. Hapa nchini Serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Tangu hapo neno "kaboni" limeingia hata katika mikutano ya vijijini, na penye neno jipya la fedha hapakosi watu wenye fomu za kujaza.

Mwenye mtaji mdogo Bukoba au Muleba, awe anauza chakula cha mifugo, anakusanya maziwa au anafikiria kununua mitamba miwili, anahitaji kujua jambo moja. Fedha iko wapi hasa katika gesi hii, na iko kwa nani?

TUNDU LIKO TUMBONI

Ng'ombe hana uwezo wa kumeng'enya majani peke yake. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wanaoishi katika tumbo lake kubwa la kwanza, ambalo kwa mnyama mzima hubeba ujazo wa pipa dogo. Vijidudu hao huvunja nyuzi za majani na kutoa asidi ambazo ng'ombe huzifyonza na kuzitumia kama nguvu. Katika kazi hiyo hutoka pia hewa ya haidrojeni. Kuna kundi jingine la vijidudu linaloichukua haidrojeni hiyo, likaiunganisha na hewa ya ukaa, na hapo ndipo methani inapopatikana. Ng'ombe huitoa kwa kubeua. Wengi hutania kwamba ni suala la mashuzi, lakini zaidi ya tisa ya kumi ya gesi hiyo hupitia mdomoni.

Jambo la kukumbuka kwa mwenye kuuza au kununua chakula ni kwamba si kila chakula kinatoa gesi sawa. Nyuzi ngumu za majani yaliyokomaa huzalisha asidi ya aina inayoacha haidrojeni nyingi. Wanga, kama ule wa pumba na nafaka, huzalisha asidi ya aina nyingine ambayo yenyewe hutumia haidrojeni, kwa hiyo methani hupungua na nguvu zaidi hubaki kwa ng'ombe. Mafuta yaliyomo katika mashudu nayo hupunguza gesi, mradi yasizidi asilimia 6 au 7 ya chakula chote kikiwa kikavu, kwani yakizidi vijidudu vya nyuzi hudhoofika na ng'ombe huacha kula.

Methani ikishafika angani hukaa kama miaka 12 tu, lakini katika kipindi cha miaka 100 kilo moja yake huhesabiwa kuwa na uwezo wa kuongeza joto mara 28 hivi ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Namba hiyo 28 ndiyo wanayozidishia wenye biashara ya kaboni, na hapa chini itatumika.

NG'OMBE WA AFRIKA HUTOA GESI KIDOGO, LAKINI...

Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi lilitoa mwaka 2006 viwango vya kukadiria kwa nchi ambazo hazijapima ng'ombe wake. Ng'ombe wa maziwa wa Afrika alipewa kilo 46 za methani kwa mwaka. Wa Marekani ya Kaskazini alipewa kilo 128. Msomaji wa haraka angesema ng'ombe wetu ni safi, wao ndio wachafuzi, na habari ikaishia hapo.

Lakini viwango hivyo viliambatana na maziwa. Ng'ombe wa Afrika alikadiriwa kutoa kilo 475 za maziwa kwa mwaka, wa Marekani ya Kaskazini kilo 8,400. Ukigawanya, ng'ombe wa Afrika anatoa gramu 97 hivi za methani kwa kila kilo ya maziwa, na yule mwingine gramu 15. Mfanyabiashara hatashangaa. Mashine inayozunguka siku nzima ikitoa bidhaa chache inakula umeme mwingi kwa kila bidhaa, hata kama ni mashine ndogo.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya anachokula ng'ombe asiyeshiba humalizika katika kumfanya aishi tu. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, ambao wana vyumba maalumu vya kupimia pumzi za ng'ombe Nairobi, walichapisha mwaka 2020 matokeo yanayogusa kila mfugaji wa wakati wa kiangazi. Ng'ombe aliyelishwa chini kabisa ya mahitaji ya mwili wake hutoa gesi nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula alichokula. Kwa maneno mengine, kumnyima ng'ombe chakula hakupunguzi uvujaji kwa kiasi ambacho mtu angetegemea. Kunaongeza ukubwa wa tundu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likishirikiana na kituo cha utafiti cha New Zealand, nalo lilichambua sekta ya maziwa ya Tanzania katika taarifa ya mwaka 2019 na kuonyesha kuwa lita ya ng'ombe wa asili hubeba mzigo wa gesi mara nyingi zaidi kuliko lita ya ng'ombe aliyeboreshwa na kulishwa vizuri. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, kwa hiyo pengo hilo si dogo.

KIBANJA, RWEYA NA BANDA

Katika Bukoba na Muleba suala hili lina sura yake. Ng'ombe hapa hakuwahi kuwa wa maziwa tu. Kibanja cha migomba na kahawa kilijengwa kwa samadi, na ng'ombe alikuwa kama bomba la kuhamisha rutuba: alilishwa mchana katika rweya, yaani mbuga ya nyasi, na usiku akaiacha rutuba nyumbani. Utafiti uliohusisha kituo cha Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kaya zenye ng'ombe zilikuwa zinaingiza virutubisho katika kibanja, na kaya zisizo na ng'ombe zilikuwa zinakula mtaji wa udongo wao. Mnyauko wa migomba ulipothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, ukianzia wilayani Muleba, waliokuwa na chanzo kingine cha kipato, maziwa yakiwamo, walikuwa na pa kushika.

Nyasi za rweya ni tatizo. Mvua ya Bukoba ni nyingi, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka katika ukanda wa ziwa, lakini udongo wa rweya ni wa mchanga, wenye asidi, uliooshwa rutuba kwa karne nyingi. Nyasi huota haraka, hukomaa haraka na kubaki kama mabua. Chakula chenye protini chini ya asilimia 7 hivi hakitoshi hata kuwalisha vijidudu wa tumboni, kwa hiyo ng'ombe anajaza tumbo, anacheua mchana kutwa, anabeua, na hapati kitu.

Mradi wa maendeleo ya mifugo wa Kagera, KALIDEP, uliosaidiwa na Uholanzi katika miaka ya 1980 na 1990, ulieneza njia nyingine. Mfugaji alipewa mtamba wa maziwa kwa mkopo wa kulipa mitamba, akajenga banda na kulisha ndani. Mtaji ule ulibadili uchumi wa kaya nyingi. Lakini banda lina sheria moja ngumu: ng'ombe aliyefungwa hawezi kujitafutia. Mwenye banda akikosea chakula, ng'ombe mwenye damu ya Kizungu hushuka maziwa na kukonda mbele ya macho yake, na gesi inaendelea kutoka.

Hapa ndipo makosa ya kawaida ya wilaya hizi mbili yanapoonekana. Kosa la kwanza ni shina la mgomba. Ni rahisi kupata, linajaza hori, na ng'ombe hulitafuna kwa furaha. Lakini zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za shina hilo ni maji, na protini yake ni kidogo sana. Kiangazi lina faida ya kunywesha, si ya kulisha. Maganda ya ndizi ni bora zaidi, yana wanga kidogo, lakini nayo peke yake hayatoshi.

Kosa la pili ni mabingobingo yaliyozeeka. Wengi hungoja yafike kimo cha mtu ndipo wakate, kwa kuwa mzigo unaonekana mkubwa. Yanapokatwa yakiwa na kimo cha mita moja hivi, kila baada ya wiki 6 hadi 8, protini na umeng'enywaji viko juu. Baada ya hapo mfugaji anabeba miti. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 60 hadi 70 za mabingobingo mabichi. Atakayepima mzigo wa kichwani anaoletewa kila asubuhi atagundua mara nyingi kwamba ng'ombe wake anapata nusu.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni majani jamii ya kunde: desmodi iliyopandwa kati ya mistari ya mabingobingo, lukina, na kaliandra kwenye mipaka ya kibanja na makinga maji. Katika maeneo ya Embu, Kenya, ambako kaliandra ilienezwa kwa wafugaji wadogo, ilionekana kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani, na miti 500 hivi hutosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kila siku mwaka mzima. Kaliandra ina pia ukali wa asili, aina ile inayokaza ulimi, ambao kwa kiasi hupunguza methani. Ukizidi hupunguza pia umeng'enywaji wa protini, kwa hiyo haifai kuwa chakula kikuu. Kwa muuza pumba habari hii si nzuri sana. Lakini mteja mwenye majani mazuri ndiye mteja anayefaidika na pumba, kama hesabu ifuatayo inavyoonyesha.

HESABU YA KILO NA LITA

Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu ili hesabu iwe nyepesi. Kila mmoja aweke bei za soko lake. Chukulia kilo ya mchanganyiko wa pumba na mashudu ni sh. 800, na lita ya maziwa ni sh. 1,500. Mfugaji ana ng'ombe wa lita 6 kwa siku. Anaongeza kilo 2 za mchanganyiko huo kila siku.

Kama ng'ombe huyo ameshiba majani mazuri, kila kilo inaweza kumpa lita moja zaidi. Gharama ni sh. 1,600, mapato ya ziada sh. 3,000, faida sh. 1,400 kwa siku. Kama ng'ombe huyo huyo amejazwa mashina ya migomba na mabingobingo makavu, sehemu ya kilo hizo 2 itaenda kuziba pengo la mwili, na huenda akaongeza lita moja tu. Gharama ni ile ile sh. 1,600, mapato sh. 1,500. Mfugaji anapoteza sh. 100 kila siku, na baada ya mwezi anakuja dukani kusema pumba zako ni mbovu.

Muuza chakula anayemweleza mteja habari ya majani kabla ya kumuuzia gunia anajiwekea mteja wa miaka. Asiyefanya hivyo anauza magunia mengi mwezi wa kwanza, kisha anabaki na madeni.

Sasa tuingize gesi katika hesabu hiyo. Chukulia ng'ombe wa mfano wa kwanza alikuwa akitoa lita 6 kwa siku 270, yaani lita 1,620, na methani kilo 60 kwa mwaka. Baada ya kulishwa vizuri anatoa lita 8, yaani lita 2,160. Kwa kuwa sasa anakula zaidi, methani yake yote inapanda kidogo, tuseme kilo 66. Wengine hushtuka hapo: mbona gesi imeongezeka? Imeongezeka kwa ng'ombe, imepungua kwa lita. Mwanzo ilikuwa gramu 37 kwa lita, sasa ni gramu 30 na ushei. Kama mji wa Bukoba unahitaji maziwa yale yale, ng'ombe wachache zaidi watayatoa.

Tofauti hiyo kwa lita 2,160 ni kilo 14 za methani. Zidisha kwa 28, unapata kilo 392 za hewa ya ukaa, pungufu ya nusu tani. Kwa bei ya mfano ya dola 10 kwa tani, na dola moja kwa sh. 2,500, ng'ombe huyo ameleta sh. 9,800 za kaboni kwa mwaka mzima. Faida yake ya maziwa, sh. 1,400 mara siku 270, ni sh. 378,000.

Yaani fedha ya kaboni ya mwaka ni faida ya maziwa ya siku 7. Na hiyo ni kabla ya kulipa wapimaji, wahakiki, wasajili na wenye mradi. Gharama za uhakiki hazishuki sana mradi unapokuwa mdogo. Ng'ombe 50 hawawezi kuzibeba, na hata ng'ombe 1,000 katika mfano huu wanaleta sh. milioni 9.8 tu kwa mwaka kabla ya makato.

Haina maana kwamba soko hilo ni la uongo. Gold Standard, mojawapo ya asasi kubwa za kusajili miradi ya kaboni duniani, ilitoa mwaka 2016 utaratibu wa kupima upungufu wa gesi kwa wafugaji wadogo wa maziwa, uliotayarishwa kwa kuangalia mazingira ya Kenya, na unahesabu kwa lita kama ilivyofanywa hapo juu. Lakini utaratibu kama huo unahitaji maelfu ya wafugaji katika kundi moja, wenye kumbukumbu za maziwa na chakula zinazoaminika. Anayekuja kijijini kuwaambia wafugaji kumi kwamba ng'ombe wao watawalipa dola bila kuongeza lita moja, aulizwe maswali magumu. Usajili wa mradi uko wapi? Nani anamiliki haki ya kaboni baada ya sahihi kuwekwa, na kwa miaka mingapi? Makato ni asilimia ngapi? Mfugaji akiuza ng'ombe wake je? Na kama kuna ada ya kujiunga, kwa nini muuzaji wa bidhaa ndiye anayetakiwa kulipa?

DAWA ZA DUKANI NA MWANI

Kuna pia biashara ya viambato vya kuzima gesi moja kwa moja. Kinachojulikana zaidi ni Bovaer, unga unaozuia kimeng'enya cha vijidudu vinavyotengeneza methani. Uliruhusiwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024, na kwa ng'ombe wa maziwa hupunguza gesi kwa asilimia 30 hivi. Kasoro yake kwa mfugaji wa Kagera ni kwamba lazima uchanganywe katika chakula kila siku na hauongezi maziwa kwa kiasi cha kulipa gharama. Ulaya kuna viwanda vya maziwa na serikali zinazoweza kuchangia. Bukoba hakuna wa kulipa.

Mwani nao umetajwa sana. Ule uliofanya vizuri katika majaribio ya nje ni mwekundu wa jamii ya Asparagopsis. Mwani unaolimwa Zanzibar kwa ajili ya kuuza nje ni wa jamii nyingine kabisa. Mfanyabiashara atakayeletewa magunia ya mwani mkavu kutoka pwani kama "dawa ya methani" ajue hivyo kabla ya kutoa fedha.

Kwa ng'ombe wa nyama katika ranchi kama Missenyi, Mabale na Kagoma, na kwa wenye Ankole wanaochunga rweya, njia ni fupi zaidi: umri wa kuuza. Ng'ombe anayefikia uzito wa soko akiwa na miaka 3 badala ya 5 amekatiza miaka 2 ya kubeua. Vivyo hivyo kwa mtamba wa maziwa. Anayezaa akiwa na miezi 40 badala ya 28 amekula mwaka mzima wa ziada bila kutoa tone. Wafugaji wengi humpa ng'ombe anayekamuliwa kila kitu kizuri na kumsahau mtamba, na hasara hiyo haionekani kwa sababu haiandikwi popote.

ALIPO MFANYABIASHARA

Nafasi ya mtaji mdogo, basi, iko katika chakula kuliko katika vyeti vya kaboni. India imetoa mfano mkubwa. Bodi ya maziwa ya nchi hiyo iliwatuma vijijini watu waliofundishwa kupanga mlo wa ng'ombe kwa kutumia vyakula vilivyopo hapo hapo, na katika vipimo vyao methani kwa kila kilo ya maziwa ilipungua kwa zaidi ya asilimia 10, huku gharama ya chakula ikishuka au maziwa yakipanda. Hawakuleta kitu kipya. Walipanga upya kilichokuwapo.

Kagera ina malighafi ya kutosha kwa kazi hiyo, ingawa haziko mahali pamoja. Molasi hutoka kiwanda cha Kagera Sugar wilayani Missenyi. Pumba za mahindi hutoka katika mashine za ndani na wilaya za kusini mwa mkoa. Dagaa wa ziwa ni protini, japo bei yao hushindana na mahitaji ya watu na ya kuku. Mashudu ya pamba na alizeti hutoka nje ya mkoa: pamba kwa sehemu kubwa ng'ambo ya ziwa, Mwanza na Shinyanga, alizeti mikoa ya kati. Yanaweza kuja kwa meli hadi Bukoba au Kemondo, au kwa barabara kupitia Geita na Biharamulo hadi Muleba. Kwa wanaotumia barabara, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 liliondoa foleni ya vivuko iliyokuwa ikila saa na mafuta. Atakayelinganisha nauli ya gunia kwa njia hizo mbili kila msimu ana faida juu ya jirani yake.

Msimu wenyewe una kanuni yake. Pumba na mashudu hushuka bei baada ya mavuno na usindikaji, na mahitaji ya wafugaji hupanda Juni hadi Agosti, nyasi zinapokauka. Anayeweza kuhifadhi miezi miwili mitatu anapata pengo hilo. Lakini ghala la Bukoba ni gumu kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Mashudu yaliyoloa huota ukungu, na sumu ya ukungu huo hupita katika maziwa na kumfikia mnywaji, mtoto akiwemo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na mzigo ulionuka uvundo usichanganywe na mzuri ili "uishe". Mashudu ya pamba yasipewe ndama wadogo. Yana sumu ya asili ambayo ng'ombe mkubwa huihimili na ndama haihimili.

Bonge la kulamba la molasi, urea na madini ni bidhaa nyingine inayoweza kutengenezwa na kikundi kidogo. Huwapa vijidudu vya tumboni naitrojeni wanayokosa katika nyasi za rweya. Linahitaji mizani na uaminifu, kwani urea ikizidi au isipochanganyika vizuri ng'ombe hufa ndani ya saa chache, na muuzaji aliyeua ng'ombe mmoja wa maziwa hana soko tena katika kata hiyo. Aidha, Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inasimamia watengenezaji na wauzaji, kwa hiyo kikundi kianzie ofisi ya mifugo ya wilaya kabla ya kununua pipa la kwanza.

Majani yenyewe bado hayajapata wafanyabiashara wengi. Mwenye ekari mbili za mabingobingo na desmodi karibu na mji, akikata kwa wakati na kuuza kwa kilo badala ya mzigo, anawauzia watumishi na wenye maduka wenye ng'ombe nyuma ya nyumba lakini hawana shamba. Ubaya wake ni kwamba shamba la majani linalouzwa nje linatoa rutuba kila siku bila kurudishiwa. Mnunuzi mwenye samadi asiyo na mahali pa kuipeleka ndiye mshirika wa kufaa, na bei iandikwe hivyo: kilo za majani zinazoenda, debe za samadi zinazorudi, na tofauti inayolipwa kwa fedha kila mwisho wa wiki.